Kipindi cha dakika 27 kinasomeka saa 1 na dakika 42: muda wa faili la sauti unatoka wapi?

Kipaza (mleta uzi)

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni wakubwa mliomo humu. Mimi ni mtayarishaji wa vipindi katika redio ndogo ya jamii, na kwa majuma matatu sasa ninasumbuliwa na jambo ambalo nimeshindwa kulipatia hata jina la kulitafutia. Ninarekodi na kuhariri kipindi katika Audacity, ninatoa faili la WAV (sauti ambayo haijabanwa), kisha faili hilo linapitishwa kwenye skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta, tuliyoandikiwa na kijana aliyekuwa akitusaidia mambo ya kompyuta kabla hajahama mji. Skripti hiyo inalibana faili kuwa MP3 na kuliweka mahali pawili kwa mkupuo mmoja, yaani kwenye diski ya hifadhi na kwenye folda ya kompyuta inayorusha matangazo. Kipindi kikisikilizwa hakina kasoro yoyote: kinaanza panapotakiwa, kinaisha kwa salamu zangu, na hakuna ukimya mrefu nyuma yake. Tatizo ni muda unaoandikwa kando ya jina la faili.

Kipindi cha Jumatatu kina dakika 27 na sekunde 40 nikikipima kwa saa, lakini kompyuta ya kurushia inakisoma kuwa 1:42:01. Cha Jumatano kina 27:52 na kinasomeka 1:47:06. Cha Ijumaa ndicho kilichonichanganya zaidi, maana chenyewe kimepungua badala ya kuongezeka: kina 27:45 na kinasomeka 21:40. Simu yangu inavisoma vyote sawasawa, na WAV zinazotoka Audacity hazina shida.

Lingekuwa jambo la macho tu ningelinyamazia. Lakini kompyuta ile hupanga ratiba kwa kuutazama muda ulioandikwa, kwa hiyo Jumatatu iliyopita, ilipoona kwamba kipindi cha saa 10:00 jioni kitakula mpaka saa 11:42, iliyaondoa matangazo ya wafadhili yaliyokuwa yafuate, na kipindi kilipoisha saa 10:27 ikaanza kupiga muziki wa akiba. Meneja ametaka maelezo kwa maandishi. Naombeni msaada nijue kosa liko wapi, kwa sababu sitaki kumwandikia kwamba "ni kompyuta".

Mzee wa Kaseti

Marahaba mwanangu, na pole. Nilianza kazi hii wakati muda wa kipindi ulikuwa ukiandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya kaseti, na ukikosea, basi aliyekosea anajulikana kwa mwandiko wake.

Katika miaka yangu ya Audacity, kisa cha faili kurefuka bila sababu kimekuwa kile kile karibu kila mara: kipande kidogo cha sauti kimesahaulika mbali kwenye mstari wa muda. Programu hutoa sauti mpaka mwisho wa kipande cha mwisho, hata kama kipande hicho ni kikohozi cha nusu sekunde kilichobaki dakika ya 74 ulipokuwa ukikatakata. Bonyeza Ctrl na F ili mradi wote uingie kwenye kioo, kisha angalia mkono wa kulia kabisa. Ukiona kijistari kama unywele, mchawi umemkamata.

Kipaza

Ahsante Mzee wangu. Nimefanya hivyo kwenye miradi yote mitatu na sijaona kipande chochote kilichobaki. Tena, kama ingekuwa hivyo, nadhani hata WAV ingerefuka, na kungekuwa na ukimya wa zaidi ya saa nzima baada ya salamu zangu. Kipindi kikifika 27:40 kinakatika palepale, huku kaunta ikiendelea kudai kwamba imebaki saa 1 na ushee.

Biti Kali

Dada Kipaza, mimi natengeneza muziki, na yaliyonikuta mimi yalikuwa ya kiwango cha sampuli, yaani idadi ya vipimo vya sauti vinavyochukuliwa kila sekunde. Msanii alinitumia sauti aliyoirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, mradi wangu ukiwa wa 44,100, na kwa uzembe wangu nikailazimisha isomwe kama ya 44,100 bila kuibadilisha. Wimbo wa dakika 3:30 ukawa 3:48, na yule binti akasikika kama mtu aliyeamshwa usingizini, kwa sababu sauti ilishuka karibu nusutoni moja na nusu. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 48,000 kwa 44,100 upate 1.088, kisha zidisha kwa muda wa kweli. Ukiona faili limerefuka kwa asilimia 8.8 au limefupika kwa asilimia 8.1, usihangaike kutafuta mahali pengine.

Lakini kosa la namna hiyo masikio hulisikia kabla ya macho. Je, sauti yako inavuta, au inakimbia?

Kipaza

Hapana kaka, sauti ni yangu ile ile, haivuti wala haikimbii. Na 1:42 dhidi ya dakika 27 ni karibu mara nne, si asilimia 8.

Fundi Wimbi

Salaam nyote. Mzee na Biti Kali wametaja makosa mawili ya kweli, ila yote mawili ni makosa yaliyomo ndani ya sauti yenyewe: sauti imerefuka kwelikweli, na kaunta inaripoti ukweli huo. Kisa cha mleta uzi ni cha jamii nyingine. Sauti iko sawa, kaunta ndiyo inayosema uongo, na inasema uongo kwenye mashine moja huku ikisema kweli kwenye nyingine.

Kabla sijasema zaidi, naomba kitu kimoja tu. Bofya kila faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, uniandikie ukubwa wake kwa baiti, tarakimu zote, bila kuzungusha kuwa megabaiti. Halafu uniambie: je, vipindi vya Jumatatu na Jumatano vinaanza na ukimya kidogo kabla hujazungumza, wakati cha Ijumaa kinaanza na muziki moja kwa moja?

Kipaza

Jumatatu ni baiti 24,485,112. Jumatano ni 25,704,960. Ijumaa ni 26,004,375.

Na hilo la pili umelijuaje? Jumatatu na Jumatano huwa naacha pumzi moja kabla ya salamu, lakini kipindi cha Ijumaa ni cha burudani na kinaingia na ngoma ya utambulisho tangu nukta ya kwanza.

Fundi Wimbi

Nimejua kwa sababu cha Ijumaa kimepungua. Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja, maana majibu yote yamo kwenye tarakimu ulizoleta.

Kila baiti ina biti 8. Jumatatu ina baiti 24,485,112, kwa hiyo ina biti 195,880,896. Kompyuta yako inadai kipindi kina 1:42:01, yaani sekunde 6,121. Gawanya biti kwa sekunde, unapata 32,001. Fanya vivyo hivyo kwa Jumatano: biti 205,639,680 kwa sekunde 6,426, unapata tena 32,001. Ijumaa: biti 208,035,000 kwa sekunde 1,300, unapata 160,027. Kile kijisalio kinatokana na vipande vya sekunde ambavyo kaunta haivionyeshi. Kwa hiyo kompyuta imetumia 32,000 mara mbili na 160,000 mara moja, na namba hizo hazikuokotwa njiani: 32 na 160 ni miongoni mwa viwango 14 vya kilobiti kwa sekunde ambavyo MP3 ya kawaida inaruhusiwa kuvitumia, kuanzia 32 hadi 320.

Sasa tazama faili lenyewe lilivyo. MP3 ni mlolongo wa vipande vidogo viitwavyo fremu. Kwa sauti ya sampuli 44,100 kila fremu inabeba sampuli 1,152, sawa na milisekunde 26 na ushee, kwa hiyo kipindi chako cha Jumatatu kina fremu zipatazo 63,547 zilizopangwa kama behewa za treni. Kila behewa lina kibao chake kinachotaja kiwango cha biti cha behewa hilo peke yake. Hakuna behewa linalojua treni ina urefu gani.

Anayetaka kujua muda ana njia tatu. Ya kwanza ni kuhesabu behewa zote tangu mwanzo hadi mwisho, jambo linalotoa jibu sahihi lakini linataka faili zima lisomwe. Ya pili ni kusoma fremu maalumu ya utangulizi iitwayo Xing, ambayo programu ya kubana huiweka mbele kabisa, na ndani yake imeandikwa idadi ya fremu, idadi ya baiti, na jedwali la nukta 100 la kumsaidia msikilizaji kuruka mbele na nyuma bila kupotea. Ya tatu ni kubahatisha: unasoma kibao cha behewa la kwanza, unachukulia kwamba behewa zote ni kama hilo, kisha unagawanya ukubwa wa faili kwa kiwango hicho.

Simu yako ilitumia njia ya kwanza, kompyuta ya redio ikabahatisha. Kwa mafaili ya kiwango kisichobadilika, tunayoyaita CBR, kubahatisha huko huleta jibu sahihi, ndiyo maana watengenezaji wengi huridhika nako. Kwa mafaili ya kiwango kinachobadilika, yaani VBR, fremu ya ukimya hubanwa hadi kilobiti 32 kwa sababu haina cha kubeba, na fremu ya ngoma hupewa 160 au zaidi. Wastani wa kweli wa Jumatatu ni kilobiti 118. Mashine ilikutana na pumzi yako ya kwanza ikadhani kipindi kizima ni pumzi.

Kilichobaki ni kujua kwa nini mafaili yako hayana fremu ya Xing, kwani programu nyingi za kubana huiweka bila kuombwa. Nionyeshe mstari wa skripti unaobana.

Kipaza

Nimeisoma hesabu yako mara mbili na nimeirudia mwenyewe kwa kikokotoo. Ni kweli tupu. Mstari wenyewe ni huu:

lame -V 4 kipindi.wav - | tee hifadhi/kipindi.mp3 > hewani/kipindi.mp3

Fundi Wimbi

Kosa ni ile alama ya kistari iliyosimama peke yake kabla ya bomba, yaani kabla ya ile alama |.

Kistari hicho kinaiambia LAME, ndiyo programu inayobana, isiandike faili, bali imimine matokeo kwenye bomba, na huko mbele amri ya tee inayagawa mahali pawili. Kijana wenu alifanya hivyo ili abane mara moja na kupata nakala mbili, na kwa kuangalia tu ni ufundi mzuri. Tatizo ni kwamba idadi ya fremu haijulikani mpaka kazi iishe. LAME, ikiwa inaandika faili la kawaida, huacha nafasi mbele, hubana mpaka mwisho, kisha hurudi mwanzoni kuijaza nafasi ile. Maji yakishapita kwenye bomba hayarudi, kwa hiyo LAME ikiona inamimina bombani haijisumbui: huiacha kabisa fremu ya utangulizi. Mafaili yako hayakuharibika yakiwa njiani. Yalizaliwa bila utangulizi.

Badilisha mstari huo uwe miwili:

lame -V 4 kipindi.wav hifadhi/kipindi.mp3
cp hifadhi/kipindi.mp3 hewani/kipindi.mp3

Kwa mafaili ya zamani usibane upya, maana kuibana MP3 mara ya pili ni kuipunguzia ubora bila faida. Yanakiliwe fremu kwa fremu kwa ffmpeg, programu ya amri ya kushughulikia sauti na video, nayo itaweka utangulizi mpya mbele yake:

ffmpeg -i zamani.mp3 -c copy mpya.mp3

Na ukitaka kuupata muda wa kweli wa faili lolote bila kumwamini mtu, ifanye ffmpeg ilifungue lote na kuitupa sauti:

ffmpeg -i kipindi.mp3 -f null -

Usisome muda unaoandikwa juu mwanzoni, ambao nao waweza kuwa wa kubahatisha. Soma ule unaobaki kwenye mstari wa mwisho. Kwa bahati ffmpeg ni mwungwana, na mara nyingi inapobahatisha hutoa onyo kwamba imekadiria muda kutokana na kiwango cha biti na huenda si sahihi. Kompyuta yenu ya kurushia haina adabu hiyo.

Mzee wa Kaseti

Nimejifunza, na kile kikohozi changu nakirudisha mfukoni. Ila nina swali la mtu wa redio. Kwa nini tusiachane na hiyo VBR? Kwa mujibu wa maelezo yako, ukibana kwa kilobiti 128 zisizobadilika, hata mashine isiyo na adabu itapata jibu sahihi.

Fundi Wimbi

Mzee, kwa matangazo ya redio nakubaliana nawe asilimia mia, na ningekuwa mimi ndivyo ningefanya. Kipindi cha Jumatatu kwa kilobiti 128 kingekuwa na megabaiti 26.6 badala ya 24.5. Kwa tofauti ya megabaiti mbili sioni sababu ya kuiweka ratiba ya kituo rehani. VBR ina haki yake pale unapotaka ubora wa juu wa muziki kwa nafasi ndogo, lakini mtu akizungumza mbele ya kipaza kimoja hakuna muujiza mkubwa unaoupata.

Hata hivyo ningeirekebisha skripti kwanza, kwa sababu bila utangulizi hata CBR inakosa taarifa nyingine ndogondogo, na pia kwa sababu siku moja mtu atabadilisha kiwango hicho bila kujua kwamba bomba lipo.

Mpakia Nyimbo

Samahani kuingilia. Mimi nabana kwa CBR ya kilobiti 128, na bado redio ya gari ya shemeji yangu inaonyesha wimbo wa 3:30 kuwa ni 6:00. Kwenye kompyuta uko sawa.

Fundi Wimbi

Je, wimbo huo una picha ya jalada ndani yake, na picha hiyo ina ukubwa gani?

Mpakia Nyimbo

Ipo, mkuu. Msanii alinipa picha kubwa ya mpiga picha, nikaiweka vilevile. Ina megabaiti 2.4.

Fundi Wimbi

Baiti 2,400,000 mara 8 gawa kwa 128,000 ni sekunde 150, yaani dakika mbili na nusu kamili. Redio ya gari imegawanya ukubwa wa faili lote, picha ikiwemo, na imeuhesabu uso wa msanii kuwa ni muziki. Punguza picha iwe ya pikseli 500 kwa 500 hivi, ikae chini ya kilobaiti 100, na kosa litashuka hadi sekunde chache.

Ukiwa humo kwenye lebo za wimbo, angalia pia kama kuna sehemu iitwayo TLEN. Hiyo huandikwa muda kwa milisekunde, na baadhi ya programu za kuchezea sauti huiamini kuliko sauti yenyewe. Mtu akikata dakika 10 kutoka kwenye faili la saa nzima kwa kifaa kisichogusa lebo, TLEN huendelea kudai 3,600,000.

Biti Kali

Niongezee moja ya haraka kwa watu wa mahubiri na mawaidha wanaounganisha sehemu kwa amri ya kunakili tu: mkibandika MP3 ya pili nyuma ya ya kwanza, utangulizi wa ya kwanza hubaki mbele na idadi yake ya zamani, kwa hiyo faili la saa mbili linaweza kusomeka kuwa la saa moja na baadhi ya programu za kuchezea hukatisha hapo. Unganisheni katika programu ya kuhariri.

Ustadh wa Barabara ya Pili

Assalaam alaykum. Nimeufuatilia uzi huu tangu jana kwa moyo kudunda, kwa kuwa nina msiba wangu. Mwezi uliopita tulirekodi maulidi usiku kucha, kwa muda wa saa 7 kamili kwa saa ya msikitini, moja kwa moja kwenye kompyuta kutoka kwenye mikseri, WAV ya stirio. Faili linasomeka lina dakika 14 na sekunde 12, na programu zote nilizojaribu zinasimama hapo hapo, katikati ya utangulizi wa mwenyeji wetu. Nilijaribu kulipeleka kwenye flashi ili nimpelekee fundi, flashi ikakataa ikisema faili ni kubwa mno, ingawa ina nafasi ya gigabaiti 32. Wazee wawili waliosoma usiku ule ni watu wazima sana, na sidhani kama tutaweza kuurudia usiku huo. Hakuna Xing hapa, sivyo? Je, sauti imepotea?

Fundi Wimbi

Wa alaykum salaam, Ustadh. Tulia. Flashi iliyokataa ndiyo shahidi wako kwamba sauti ipo. Usilifungue faili hilo na kulihifadhi tena kwa programu yoyote, na kabla ya jambo jingine lolote linakili kwenye diski ya nje iliyo katika mfumo wa NTFS au exFAT. Flashi yako bila shaka iko katika FAT32, ambayo haipokei faili lolote linalofikia gigabaiti 4, hata kama ina nafasi tele.

Naomba uniandikie ukubwa wake kwa baiti. Kama nimepiga ramli sawasawa, utakuwa karibu na 4,445,280,000.

Ustadh wa Barabara ya Pili

Subhanallah. Ni 4,445,280,044.

Fundi Wimbi

Hizo 44 za mwishoni ni utangulizi wa WAV, na zilizobaki zote ni maulidi yenu.

Sauti ya stirio ya biti 16 na sampuli 44,100 inakula baiti 176,400 kila sekunde. Saa 7 ni sekunde 25,200, ukizidisha unapata 4,445,280,000. Mwanzoni mwa faili la WAV kuna mahali panapoandikwa idadi ya baiti za sauti, na mahali hapo palitengewa biti 32 tu tangu enzi ambazo hakuna aliyewaza kurekodi usiku kucha. Namba kubwa inayoenea humo haifiki 4,294,967,296. Kwa ubora wenu, mpaka huo unafikiwa baada ya saa 6, dakika 45 na sekunde 47. Mlipouvuka, kaunta ilirudi sifuri na kuanza kuhesabu upya, kama mita ya kilomita ya gari kuukuu inapofika 99,999. Toa 4,294,967,296 kwenye idadi yenu, inabaki 150,312,704. Gawanya kwa 176,400: sekunde 852, yaani dakika 14 na sekunde 12. Ndiyo namba uliyoiona.

Kwa hiyo programu zako zilisoma utangulizi, zikaambiwa sauti ni ya dakika 14, zikatii. Tunatafuta programu isiyotii. Ukiwa na SoX, programu ya amri ya kushughulikia sauti, andika:

sox --ignore-length maulidi.wav maulidi.flac

Hapo inaambiwa ipuuze urefu ulioandikwa na isome mpaka faili liishe. Nimekutolea FLAC kwa sababu haipunguzi ubora hata chembe, na mahali pake pa kuandika idadi ya sampuli pana biti 36, panapoenea usiku mwingi kuliko huo.

Kama mstari wa amri unakutia hofu, Audacity ina njia ya kuingiza data ghafi. Chagua biti 16 zenye alama (Signed 16-bit PCM), baiti ndogo itangulie (Little-endian), chaneli 2, sampuli 44,100, na mwanzo uruke baiti 44. Ukikosea chaneli au sampuli utaisikia mara moja, na hutakuwa umeharibu kitu, mradi nakala iko salama.

Na safari ijayo, mrekodi kwa vipande vya saa mbili mbili, au kwa RF64 kama programu yenu inayo, kwani hiyo ni WAV iliyopanuliwa ili kuvuka mpaka huu. Mkipandisha ubora hadi sampuli 48,000 na biti 24, kumbukeni kwamba gigabaiti 4 zinajaa kwa saa 4 na dakika 8 tu.

Kipaza

Wakuu, narudi na mrejesho. Nimebadilisha skripti jana, na nimeyapitisha mafaili yote ya folda ya hewani kwenye ile amri ya kunakili. Jumatano inasomeka 27:52, Ijumaa 27:45. Barua ya meneja nimeiandika kwa nusu ukurasa na hesabu ya Jumatatu nimeiambatisha. Ameniita na kuniuliza biti ni nini, tukazungumza vizuri. Kuanzia juma lijalo tunahamia kwenye 128 isiyobadilika kama alivyoshauri Mzee wa Kaseti.

Lililobaki ni dogo, na huenda ni uchokozi wangu tu sasa baada ya kujua: Jumatatu, kompyuta ya kurushia inasoma 27:40 na simu inasoma 27:41. Nani mkweli?

Fundi Wimbi

Wote wawili. MP3 haijui nusu fremu, kwa hiyo mwisho wa kipindi hujazwa ukimya mpaka fremu itimie, na LAME huongeza sampuli 576 za kujiandaa mbele. Vyote kwa pamoja havifiki sehemu ya kumi ya sekunde, lakini kipindi chako kikiwa kimeishia 27:40.47, nyongeza hiyo inakivusha nusu. Mashine moja hukata desimali, nyingine huzungusha. Kwa ratiba ya redio haidhuru. Kwa anayetoa albamu ambayo wimbo mmoja unaingia kwenye mwingine bila pengo, ingedhuru, na huyo ningemshauri atoe FLAC.

Mzee wa Kaseti

Enzi zetu tofauti ya sekunde moja ilikuwa ni kasi ya injini ya mashine, na tulikuwa tukiirekebisha kwa bisibisi.

Ustadh wa Barabara ya Pili

Nimetumia SoX, kwa mkono wa mwanangu anayesoma kidato cha tatu. Ilichukua dakika chache. Faili la FLAC linasomeka 7:00:00. Sikuamini namba, nikaruka moja kwa moja mpaka 6:52 nikaongeza sauti, na alikuwapo mzee wetu, anasoma dua ya kufungia, na nyuma yake jogoo wa jirani anawika.